Nani kati yetu amewahi kubonyeza kitufe cha T kwenye meni swichi ya nyumbani kwake?

#1 Mkazi wa Chuda

Habari za leo wakuu. Naleta mambo mawili ambayo kwangu yameungana.

Miezi minne iliyopita nilihamia nyumba ya kupanga hapa Tanga. Siku ya kwanza nilifungua kifuniko cha meni swichi, nikaona kitufe kidogo cha njano chenye herufi T, na juu yake maandishi yanayoagiza kibonyezwe kila mwezi. Nikakibonyeza. Taa zikabaki zinawaka na friji ikaendelea kunguruma. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, nacho kikazama hadi mwisho bila kuleta badiliko lolote. Mwenye nyumba aliniambia kwamba tangu umeme uingizwe mwaka 2011 hakuna aliyewahi kukigusa, kwa sababu fundi wake alimwonya kuwa wakikichezea kitaharibika. Kwa miaka yote hiyo familia tatu zilizopanga hapa ziliishi zikiamini kwamba zina kinga, kumbe zilikuwa na kipande cha plastiki ukutani. Nilinunua RCD mpya (ile breka kubwa yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja) kwa fedha zangu, fundi akaifunga, na sasa nikibonyeza T inakata papo hapo.

Jambo la pili ni kwamba hiyo mpya imeanza kujikata usiku. Inatokea kati ya saa nane na saa kumi alfajiri, mara mbili au tatu kwa wiki, na haijawahi kutokea mchana. Naamka kwa joto baada ya feni kusimama, nachungulia dirishani naona kwa majirani taa zinawaka, nikirudisha kishikio kinakaa bila tatizo. Breka ndogo zote zinabaki juu. Ni ile RCD peke yake inayoshuka.

Dai langu ni hili: breka isiyojaribiwa ihesabiwe kuwa haipo, na hii mpya imeona kitu ambacho ile ya zamani haikuwa na uwezo wa kukiona. Naomba mwenye uzoefu anisaidie kujua ni kitu gani, na wengine mtueleze kama mna mazoea ya kuzijaribu breka zenu.

#2 Fundi Makorora

Pole kwa usumbufu ndugu yangu, na hongera kwa kubonyeza. Katika nyumba ninazoitwa, ni chache sana ambazo mwenyewe anajua kitufe kile ni cha nini.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, kwa kuwa watu wengi wanaviita vyote breka. Zile ndogo zilizopangwa mstari mmoja, za ampea 6, 10, 20 au 32, zinalinda waya. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili zilizobanwa pamoja, ambao ukipata joto la mzigo mkubwa hupinda na kuachia kishikio. Na mna koili inayofanya kazi ya sumaku, ambayo shoti ikitokea huvuta na kukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ile kubwa yenye kitufe cha T inalinda mtu. Inalinganisha umeme unaoingia kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 ni lazima iwe imekata. Mtu aliyeshika waya mbovu anaweza kupitisha miliampea mia moja mwilini, zikatosha kumuua, na breka ya ampea 20 isijue kama kuna lililotokea.

RCD ya zamani huganda kwa sababu kile kifyatuo cha ndani ni chepesi mno na hushikiliwa na nguvu ndogo mno. Ongeza vumbi, grisi iliyokauka na hewa ya chumvi ya pwani yetu, na miaka kumi ya kukaa mahali pamoja bila kujongea.

Kuhusu kujikata alfajiri, mimi naanza na taa ya nje. Hiyo ndiyo saa ambayo umande ni mwingi. Fungua kikombe cha taa ya ukutani na ile ya getini, utazame kama kuna maji au kutu ya kijani kwenye skrubu.

#3 Ngamiani77

Mimi naomba kutofautiana. Baba yangu alikuwa na meni swichi iliyofanya kazi miaka mingi bila kasoro. Siku moja mpangaji mwenye bidii kama mleta mada aliishusha breka moja moja "kuzijaribu", na moja ikakataa kurudi. Tulilala gizani Ijumaa hadi Jumatatu, samaki wote wa kwenye friza wakaharibika. Kitu kinachofanya kazi kiacheni kifanye kazi.

#4 Mwalimu wa Fizikia

Ndugu Ngamiani77, breka iliyokataa kurudi ilikuwa imekwisha kufa kabla mpangaji hajaigusa. Alichofanya ni kuwaletea habari za msiba. Jiulizeni ingekuwaje kama siku hiyo ingetakiwa ikate shoti badala ya kushushwa kwa kidole.

Kuhusu hofu ya kuchakaa, kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, ambacho ndicho breka hizi ndogo hutengenezewa, kinataka breka ivumilie kuwashwa na kuzimwa mara 4,000 ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Ukiishusha na kuipandisha mara moja kila mwezi utatumia mara 12 kwa mwaka. Wajukuu wa wajukuu zako hawataifikisha mwisho.

Hata hivyo nataka kuweka mpaka ulio wazi. Kushusha breka ndogo kwa mkono kunathibitisha jambo moja tu, kwamba kishikio na ncha zake havijaganda. Hakuthibitishi kwamba ule ukanda wa metali utapinda kwenye joto linalotakiwa, wala kwamba ile koili ni nzima. Mtu wa kawaida hana namna salama ya kupima hayo nyumbani. RCD imepewa kitufe kwa sababu majaribio yake yanawezekana: ukibonyeza T, kizuizi kidogo kilichomo ndani hupitisha umeme kidogo pembeni ya ile njia inayolinganishwa, na RCD ikadhani kuna kuvuja. Bonyeza mara moja na uachie. Ukishikilia muda mrefu wakati haikati, unakipasha joto kile kizuizi bure.

#5 Mama Watatu

Asante mwalimu, nimejifunza. Nina swali kwako au kwa Fundi Makorora. Mimi nabonyeza T kila mwanzo wa mwezi na inakata vizuri sana. Lakini friji yangu nikiishika mlango nikiwa peku, hasa sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, inachoma kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Nilijiambia kwamba kwa vile T inakata, basi ethi yangu (ule waya wa kwenda ardhini) ni nzima na hilo la friji ni dogo. Je, niko sahihi?

#6 Fundi Makorora

Dada yangu, hapana. Tafadhali chomoa friji hiyo sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma, na watoto wasiisogelee.

Kitufe cha T hakigusi kabisa waya wa ethi. Kinafanya mzunguko wake humo humo ndani ya RCD, kwa hiyo hata nyumba ambayo haijawahi kuwa na ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayozikwa ardhini, T itakata kwa uzuri ule ule. Friji inayochoma mara nyingi maana yake ni kwamba bodi lake halijaunganishwa na ethi: labda plagi ilibadilishwa ikafungwa nyaya mbili, labda waya wa kijani na njano umekatika ndani ya soketi, labda rodi yenyewe imeoza chini. Kile kidogo kinachovuja hakina njia ya kwenda ardhini ila kupitia kwako. Ethi ikiwa nzima, RCD ingekuwa imekwisha kukata kabla hujashika mlango, au kinachovuja kingeshuka ardhini bila wewe kukihisi.

Fungua plagi kwanza uhesabu nyaya. Kama ni tatu na zimebana, muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime soketi na rodi.

#7 Mzee wa Barabara ya Nane

Vijana, nasoma nikikumbuka mbali. Nyumba zetu za zamani hapa Ngamiani hazikuwa na breka. Kulikuwa na fyuzi za kauri nyeupe. Unavuta kibebeo, unafunga uzi mwembamba wa fyuzi kwa skrubu mbili, unarudisha. Uzi ukiungua ndiyo umeokoa nyumba. Shida ilikuwa kwamba dukani uzi ulikuwa haupatikani kila siku, na watu wakawa wanafunga nyuzi za shaba zilizochunwa kutoka kwenye waya wa redio, moja, kisha tatu, kisha tano, mpaka fyuzi haiungui tena. Mwaka mmoja jirani yangu alifanya hivyo, na kilichoungua badala ya fyuzi ni waya wa darini. Nilisaidia kubeba maji. Naikumbuka harufu ile hadi leo, kama mpira na samli vimeungua pamoja.

Mnapobishana kama breka ijaribiwe au isijaribiwe, mjue kwamba fyuzi haikuwa na majaribio. Ulikuwa unajua ni nzima kwa kuitazama kwa macho. Breka haionekani ndani. Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada.

#8 Binti Lushoto

Shikamoo mzee. Kisa chako kinafanana na cha kwetu, ila sisi tulifanya kosa hilo hilo kwa kutumia breka.

Jikoni kwetu tulikuwa tukiwasha jagi la umeme, jiko la sahani mbili na pasi kwa pamoja, na breka ya ampea 20 ikawa inaanguka mara kwa mara. Kijana mmoja aliyeitwa na kaka yangu akatoa ya 20 akaweka ya 32, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Tukamsifu. Baada ya miezi kadhaa nilishika ukuta karibu na soketi nikaona una moto kama chai. Fundi mwingine alipofungua, soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, plastiki yake inamumunyika kama biskuti, na waya uliokuwa umefukiwa ukutani ni wa milimita za mraba 1.5, ambao yeye alisema ni wa taa. Breka ya 32 isingeanguka kamwe kwa mzigo ule. Ilikuwa inasubiri waya uungue kwanza.

Ninachoshangaa hadi leo ni kwamba hata ile ya 20 haikuwa inaanguka mara moja. Wakati mwingine tulipika nusu saa nzima ndipo inakata. Nilidhani breka ya 20 hukata ikifika 21.

#9 Mwalimu wa Fizikia

Dhana hiyo ya 21 wanayo watu wengi, na ni vizuri umeitaja. Tupige hesabu ya jiko lako kwa makadirio ya kawaida: jagi wati 2,000, jiko wati 2,000, pasi wati 1,200. Jumla ni wati 5,200. Gawanya kwa volti 230 unapata takriban ampea 22.6.

Kiwango kile cha IEC kinasema kwamba breka ya aina hii, ikibebeshwa mara 1.13 ya ampea zilizoandikwa, haipaswi kukata ndani ya saa nzima. Na ikibebeshwa mara 1.45, ni lazima iwe imekata kabla saa haijaisha. Kwa breka ya 20 hiyo ni ampea 22.6 na ampea 29. Mzigo wenu ulikuwa umekaa kwenye mstari wenyewe, kwa hiyo breka ilikuwa na haki ya kuvumilia, na ilikuwa na haki ya kukata pindi mzigo ukiongezeka kidogo au boksi likipata joto. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inawaambia kwamba jiko linahitaji njia yake yenyewe yenye waya mnene.

Kwa shoti hesabu ni nyingine, na hapo ndipo herufi iliyo mbele ya namba inapohusika. B hukata papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya ampea zake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Breka ya C20 inaweza kuvumilia ampea 90 kwa muda mfupi bila koili yake kushtuka, ili pampu ya maji iweze kuanza. Fundi anayebadilisha B kwa C bila kupima anaweza kumwacha mwenye nyumba na breka isiyokata haraka pale waya ulipo mrefu.

#10 Mswahili wa Maskati

Salamu kutoka huku. Mwalimu amegusia joto la boksi, nami naomba kuongeza kwa kuwa huku ndilo jambo letu la kila siku. Breka ndogo hupimwa kiwandani kwenye nyuzijoto 30. Wakati wa kiangazi hewa ya nje inapita 45, na boksi lililofungwa ukutani upande wa jua linakuwa na joto zaidi ya hapo. Ukanda wa metali unakuwa umeanza kupinda kabla hujawasha chochote, na breka inakata kwa mzigo mdogo kuliko ulioandikwa. Tulihangaika majira mazima na breka ya kiyoyozi, tukabadilisha mbili, hadi fundi alipoachanisha breka zilizobanana na kulihamishia boksi kivulini.

Nilijijengea zoea moja. Mara moja kwa mwezi, jioni vitu vingi vinapokuwa vinawaka, naweka kiganja juu ya uso wa breka moja baada ya nyingine bila kufungua kifuniko cha ndani. Zikiwa vuguvugu sawasawa, naondoka. Ikiwepo moja yenye moto kuliko wenzake, najua kwamba ama ina mzigo mkubwa ama skrubu yake imelegea.

#11 Fundi Makorora

Zoea la kiganja ni zuri na ni salama mradi kifuniko kibaki mahali pake. Skrubu iliyolegea ni adui mkubwa kuliko breka iliyozeeka. Wiki iliyopita nilifungua boksi ambalo breka moja ilikuwa imeyeyuka pembe, ncha ya waya imekuwa nyeusi na brashi ya chuma haikuweza kuisafisha, ilhali breka yenyewe ilikuwa bado inakata na kurudi. Waya wa alumini ndio mbaya zaidi kwa hilo, maana hutambaa chini ya skrubu ukipata joto na kupoa.

Lakini naomba nisieleweke vibaya na mtu yeyote anayesoma hapa akiwa na bisibisi mkononi. Ukishusha meni swichi, zile nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita ya LUKU bado zina umeme kamili. Meni swichi inakata kuanzia kwake kwenda mbele, haikati nyuma yake. Skrubu za upande wa kuingilia hazigusiki mpaka shirika la umeme likate kutoka kwenye nguzo.

#12 Kijana wa Raskazoni

Wakuu, kuna njia rahisi ya kujaribu RCD pamoja na ethi kwa mpigo. Nimewaona mafundi wakichukua holda yenye balbu ya wati 40, waya mmoja wanaupachika kwenye moto wa soketi na mwingine kwenye ethi. RCD ikikata, kila kitu ni kizima. Kwa nini tusiifanye wenyewe?

#13 Mwalimu wa Fizikia

Mdogo wangu, kwa sababu njia hiyo inafaulu tu pale ambapo hakuna tatizo. Balbu ya wati 40 inapitisha takriban miliampea 174. Ethi ikiwa nzima, RCD itakata. Ethi ikiwa imekatika, umeme huo unaopita kwenye balbu unapanda kwenye waya wa ethi wa nyumba nzima, na kila chenye bodi la chuma kilichounganishwa nao, friji, pasi, mashine ya kufulia, kinakuwa na volti kwa wakati ule. Anayekuwa ameshika mlango wa friji chumba cha pili hajui kwamba wewe uko sebuleni unafanya majaribio. Mafundi wana kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ambacho huruhusu kiasi kilichopimwa kwa muda uliopimwa, kisha kinasoma milisekunde. RCD ya miliampea 30 inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300 kwenye miliampea 30, na ndani ya 40 kwenye mara tano yake.

#14 Mama Watatu

Narudi na majibu. Fundi amekuja leo asubuhi. Plagi ilikuwa na nyaya tatu na zimebana. Soketi ndiyo iliyokuwa na kasoro: waya wa ethi ulichunwa mrefu, ukakunjwa nyuma ya soketi bila kufungwa kwenye skrubu yoyote, na aliyefanya hivyo aliuzungushia gundi ya karatasi ili usiguse kingine. Alikuwa anajua anachokifanya. Soketi mbili nyingine za chumba hicho ziko hivyo hivyo. Friji haichomi tena. Fundi Makorora, Mungu akulipe kheri, maana mwanangu wa mwisho ndiye anayeifungua friji ile kuliko sote.

#15 Jirani wa Likoni

Turudi kwa mleta mada, kwa kuwa naona kesi yake haijajibiwa. Mimi niko Mombasa na nilipatwa na jambo hilo hilo. Kwangu lilikuwa friji ya aina isiyoganda barafu. Friji hizo zina hita ndogo ndani ya ukuta wa nyuma, inayowaka yenyewe kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu. Hita ikipasuka ala yake, maji ya barafu yanaingia, inavuja. Inavuja pale tu inapowaka. Kaka yetu wa Chuda atuambie friji yake ni ya aina gani.

#16 Ngamiani77

Na mimi nisionekane mkaidi, nimekwenda kubonyeza T ya kwangu jana usiku. Imekata. Mke wangu alikuwa anatazama tamthilia, kwa hiyo nyumba nzima imejua kwamba nimefanya majaribio.

Kuhusu kesi hii, mimi nadhani ni volti. Usiku wa manane watu wamelala, viwanda vingine vimepumzika, na volti inapanda. Mimi nilipima kwangu saa tisa usiku nikapata 251, ilhali jioni ilikuwa 218. Kila kitu kinachovuja kidogo kinavuja zaidi volti ikipanda.

#17 Fundi Makorora

Kupanda kutoka 218 hadi 251 ni kama asilimia 15. Kuvuja kutaongezeka kwa kiasi hicho hicho, yaani miliampea 16 zitakuwa karibu 18 na nusu. Peke yake hakutoshi kuishusha RCD, isipokuwa kama nyumba tayari iko ukingoni. Na hilo linawezekana, kwa sababu RCD ya 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, na kila kompyuta, chaja na friji huvuja kidogo kidogo kihalali. Vikijumlishwa kwenye RCD moja inayobeba nyumba nzima, mwisho wake ndio huu.

Friji ya Jirani wa Likoni ni dhana nzuri, lakini ina shimo. Saa ya kuyeyusha barafu huwa inahesabu muda ambao kompresa imefanya kazi, kwa hiyo ingehamahama, ingekata hata saa sita mchana. Mleta mada anasema mchana kamwe.

#18 Binti Lushoto

Je, mijusi? Shuleni tulipokuwa tukifundisha, soketi ya maabara ilikuwa ikikata umeme usiku, na ilipofunguliwa fundi akatoa mjusi mkavu aliyekaa kati ya moto na ethi, pamoja na mayai mawili. Usiku ndipo wanapotembea kuwinda wadudu wa taa.

#19 Mkazi wa Chuda

Nashukuru sana nyote. Nimefanya yafuatayo kwa siku tisa, na naandika kama yalivyotokea.

Taa ya nje nimeifungua mchana, meni swichi ikiwa chini. Kikombe kilikuwa na maji kama nusu kijiko cha chai, na skrubu moja ina kutu ya kijani kama alivyotabiri Fundi Makorora. Nimekausha na kuziba. Nilidhani tumemaliza, kwa kuwa usiku nne zilipita kimya. Usiku wa tano ikakata, saa tisa na dakika ishirini. Kinachonitatiza ni kwamba taa hiyo huwa naizima kwenye swichi kabla ya kulala.

Friji yangu kweli ni ya aina isiyoganda barafu. Usiku wa sita na wa saba niliichomoa, haikukata. Usiku wa nane niliirudisha, haikukata pia. Jana imekata saa nane na nusu. Soketi nilizofungua sijaona mjusi, ila moja ina kinyesi chake.

#20 Mwalimu wa Fizikia

Kuzima taa kwenye swichi hakuiondoi taa hiyo kwenye hesabu. Swichi ya ukutani inakata waya wa moto peke yake; nyutro inabaki imeunganishwa hadi kwenye holda. Nyutro ikigusana na ukuta wenye unyevu, sehemu ya umeme wa feni na friji, badala ya kurudi wote kupitia RCD, inachepuka kwenda ardhini kwa njia hiyo. Kwa hiyo taa iliyozimwa inaweza kuangusha RCD wakati kompresa ya friji inapoanza. Hapo utaona kwa nini unapochomoa friji unapata nafuu bila friji kuwa na hatia.

#21 Jirani wa Likoni

Au friji ina hatia na unyevu ndio msaidizi wake. Usiku mbili bila friji ni chache mno kuiachia huru. Ichomoe wiki nzima.

#22 Fundi Makorora

Ndugu wa Chuda, kabla ya kuteseka wiki nzima bila maji baridi, mwambie fundi aje na mega, kile kifaa cha kupima kama nyaya zinavuja. Achomoe vifaa vyote, atenganishe njia ya taa za nje, apime kwa volti 500 kati ya moto na ethi, kisha kati ya nyutro na ethi. Chini ya megaomu moja hakubaliki. Lakini aje alfajiri kabla jua halijatoka, si saa tano mchana. Nimewahi kupima ukuta mmoja mchana nikapata megaomu 20, na kabla ya adhana ya alfajiri ukasoma pointi tatu.

#23 Mkazi wa Chuda

Nimezungumza naye, amekubali kuja Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Friji nimeichomoa tena tangu jana, na samaki nimempelekea jirani. Daftari la saa za kukata nimelitundika kwa uzi pembeni ya meni swichi.

#24 Mzee wa Barabara ya Nane

Andika na hali ya hewa, mwanangu. Upepo ukivuma, kuta hukauka.